Rozari Nzima ya Maji ya Uvuguvugu

Kazi yangu ni kutengeneza viyoyozi vya magari pale Musoma, na wateja wengi wananiona mtu wa mbwembwe. Mtu analeta gari, anataka gesi ijazwe chapuchapu awahi kikao, na mimi naanza kwa kujaza ndoo maji. Kisha natafuta miwani ya kazi. Kisha glavu. Kisha natoa chupa ya chai, namimina maji ya moto kidogo kwenye ndoo na kutumbukiza kiwiko. Hapo ndipo wanapoanza kucheka. Mmoja aliniuliza kama nataka kutengeneza gari lake au kuliogesha. Nilimwambia akae kwenye benchi anyamaze, na kama haraka imemzidi aende kwa yule jirani anayejaza gesi huku anavuta sigara. Alikaa.

Watu wanaogopa moto, baridi hawaiogopi. Ukimwambia mtu kwamba gesi iliyomo kwenye mtungi, ikitoka ikiwa bado kimiminika, inagandisha ngozi papo hapo, anakutazama kama unamuuzia kitu. "Baridi inaunguzaje, fundi?" Inaunguza. Jicho langu la kulia linajua.

Nilioa upande wa Butiama. Mimi mwenyewe ni mtu wa ziwani, nimezaliwa Murangi, nimekulia Nyegina karibu na misheni. Kwetu heshima ya mkwe ipo, ila imelegea kiasi kwamba mama yangu hugombana na mume wa dada yangu juu ya kichwa cha sato. Nyumbani kwa mke wangu haijalegea hata kidogo. Mama mkwe simshiki mkono, simtazami usoni, siingii jikoni kwake. Yeye hali mbele yangu, nami sili mbele yake. Tukikutana njiani mmoja wetu anaingia shambani. Maneno yetu yalikuwa yanapitia kwa mke wangu au kwa watoto. Nimekaa barazani, yeye yuko nyuma ya ukuta, hatua tatu hazifiki, halafu anamwambia mwanangu, "Mwambie baba yako uji uko tayari." Mtoto ananigeukia kuniambia, nami namtuma amwambie bibi asante, wakati bibi mwenyewe ameshasikia na ameshaanza kuondoka.

Miaka saba tuliishi hivyo, na siwezi kusema nilikuwa simpendi. Nilimjua kwa vipande: sauti, nyayo, mgongo wenye kitenge, harufu ya moshi ikipita. Ningekutana naye sokoni Bunda amevaa viatu vipya, ningempita bila kumtambua.

Siku ya kwanza kumpakia kwenye gari langu ndipo nilipogundua kwamba aliyebuni kile kioo cha ndani, cha kumwonyesha dereva nyuma, hakuwa na mkwe. Kinakuletea uso wa mtu mzima mzima. Nikakigeuza kikatazama dari. Tangu hapo kila nikimbeba nilikuwa naendesha kwa vioo vya pembeni tu, mpaka trafiki mmoja njia ya Bunda akanisimamisha na kuniuliza kioo kimekuwaje. Nilimjibu, "Nyuma kuna mkwe." Alichungulia, akanirudishia leseni, akasema, "Basi pita, mzee, ila polepole."

Tulikuwa tunampeleka Bunda kila mwezi kwa ajili ya kifua. Ana pumu, na kutoka kwake mpaka ukute lami ni vumbi tupu. Ukifungua madirisha anakohoa, ukiyafunga anapikika. Kiyoyozi cha gari langu, Noah ya zamani, kilikuwa kimekufa siku nyingi. Ndiyo, fundi wa viyoyozi. Mke wangu alivumilia, halafu siku moja aliniambia bila kupandisha sauti, "Magari ya watu yote Musoma yana baridi. Mama yangu anakula vumbi." Sikulala vizuri baada ya hapo. Wiki ileile nilibadilisha bomba lililotoboka, na Ijumaa tukaondoka na watoto wote, nyuma kuna mtungi wa gesi, pampu ya kunyonyea hewa na geji zangu za kupimia. Nilipanga nimalizie kazi kule Jumamosi, Jumatatu tumpeleke Bunda kwenye baridi.

Jumamosi asubuhi mke wangu aliwachukua watoto kwenda Mugeta kumwona dada yake aliyekuwa amejifungua. "Nitarudi saa nane," akasema. "Mama yuko jikoni. Msisumbuane."

Hatukusumbuana. Nilifungua boneti, nikachomeka pampu, ikanyonya hewa yote kwenye mabomba kama inavyotakiwa. Kazini kwangu kuna sheria ambayo kila niliyemfundisha kazi anaijua hata akiweweseka kwa homa: ndoo ya maji safi kwanza, spana baadaye. Siku ile sikuweka ndoo. Maji yalikuwa kwenye mapipa, mapipa yalikuwa jikoni, na jikoni alikuwa mama mkwe. Ili nipate maji ilibidi nimwite, na kumwita sikuweza, na watoto wa kunisemea walikuwa Mugeta. Nikajiambia kazi yenyewe ni ya dakika kumi.

Miwani nilikuwa nayo. Hilo naomba lieleweke. Ilikuwa kwenye paji la uso, kwa sababu jasho lilikuwa limeifanya ukungu nami nilitaka kuona.

Injini ilikuwa imezimwa na mtungi nimeugeuza kichwa chini, ili gesi iingie ikiwa maji na kazi iende upesi. Nilipofungua koki niliona kiungo cha mpira mwekundu, ule unaopeleka gesi kwenye gari, kimekaa upande, hakijabana sawasawa. Nilipaswa kufunga koki kwanza. Nilikuwa napeleka mkono kuifunga.

Ndipo nikasikia kikohozi. Mama mkwe ana vikohozi viwili. Kimoja ni cha kifua, kirefu, kinamkamata mpaka anashika ukuta. Kingine ni kifupi, cha adabu, anakitoa kabla hajatokeza nyuma ya nyumba ili nijue anakuja na nigeukie kwingine. Hiki kilikuwa cha adabu. Alikuwa anakuja kugeuza udaga wake, mihogo aliyoianika kwenye mkeka upande wa pili wa uwanja.

Mkwe mwenye malezi akisikia hivyo anatafuta pa kuuficha uso, na mimi pa kuuficha palikuwa mbele yangu. Nilizamisha kichwa chini ya boneti kwa haraka, kwa heshima zote. Bega likagonga mpira, kiungo kikachomoka, na gesi ikanipiga jichoni.

Kwanza sikusikia maumivu. Nilisikia baridi, baridi ambayo haina mfano kwa mtu wa ziwani, kisha jicho likawa kama si langu, kisha maumivu yakaja yote kwa pamoja. Mkono wenye glavu ulipapasa wenyewe mpaka ukapata koki ukaifunga, nafikiri kwa mazoea. Nikarudi nyuma, nikapiga magoti kwenye changarawe, nikapiga kelele, "Jicho! Jicho langu!"

Nyayo zilizokuwa zinavuka uwanja zilisimama.

Nazikumbuka zile sekunde kuliko maumivu yenyewe. Nilijua amesimama wapi na nilijua kwa nini amesimama. Hakuwa mkatili. Alikuwa mama wa watu aliyefundishwa tangu msichana kwamba mwili wa mkwe wake si wa kuguswa, na hapakuwa na mtu mwingine pale nyumbani. Mimi pia nilikuwa nimejifunika uso kwa kiwiko ili asinione. Upumbavu wangu ulikuwa umefika hapo.

"Mama," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza maishani kwenda kwake moja kwa moja. "Mama, maji. Mengi."

"Ya baridi?"

"Ya uvuguvugu. Yasiwe ya moto."

Alikimbia. Nilimsikia akikimbia na kifua chake kile, kikohozi kirefu kikimfuata mpaka jikoni. Alirudi na ndoo, jagi na chupa ya chai ambayo asubuhi alikuwa ameijaza maji ya moto. Nilimsikia akichanganya, akinyamaza kidogo, akiongeza ya baridi, akinyamaza tena. Mke wangu hufanya vilevile akitaka kuogesha kichanga: anatumbukiza kiwiko, anasubiri ngozi imwambie. Halafu nikasikia udaga wote ukimwagwa chini na mkeka ukiburutwa.

"Lala, baba," akasema.

Nikalala chali. Akakaa, akakichukua kichwa changu kwa mikono miwili akakiweka mapajani mwake.

"Sisi jicho tunalitiaga maziwa ya mzazi," akasema.

"Usitie kitu, mama. Wala tusilisugue. Maji tu, polepole, bila kuacha. Robo saa. Zaidi ni bora."

"Robo saa nitaijuaje, baba? Saa sina, na simu wameenda nayo."

Simu yangu ilikuwa ndani, na sikutaka aondoke tena kwenda kuitafuta. Yeye akafikiri, halafu akasema, "Nitasali rozari. Ikiishaga inakuwaga imepita robo saa." Akafungua kope zangu kwa vidole viwili, vidole vyenye harufu ya moshi na muhogo, akaanza kumimina. "Leo Jumamosi. Ni Matendo ya Furaha."

Kwa wasioijua, rozari ya watu wawili ni ya kupokezana. Mmoja anaanza Salamu Maria, mwingine anaimalizia, mara kumi, kisha tendo linalofuata, mpaka matano yaishe. Alianza ya kwanza akafika nusu, akasimama, maji yakiendelea. Alikuwa ananisubiri. Nikaitikia. Akaanza ya pili. Miaka saba hatukuwa tumesemezana, na siku tulipoanza tulisemezana zaidi ya mara hamsini.

Maumivu yalipanda na kushuka. Nilikuwa nafikiria kazi, kwa sababu fundi wa jicho moja anavujisha gesi bila kuona, lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa hili: jicho likienda, mama huyu atasema limeondoka na kikohozi chake. Atabeba hivyo mpaka kaburini, na hatamwambia mtu, na mimi sitaweza kumwambia kitu kwa sababu tutakuwa tumerudi kwenye kuta zetu. Nilitaka kumwambia palepale kwamba kosa ni langu, miwani ilikuwa juu, ndoo sikuweka, koki niliichelewesha. Kila nilipofungua mdomo ilikuwa zamu yangu ya kuitikia.

Tendo la tatu kifua kilimkamata. Alikohoa sana, mwili mzima ukitikisika chini ya kichwa changu, lakini jagi halikutikisika. Maji yaliendelea kuja membamba, kutoka pembeni ya pua kwenda nje, kama vile alikuwa amefundishwa. Nikasali sehemu yake na yangu mpaka akapata pumzi. Tendo la nne alikuwa analia. Hakusema analia, ila nilimsikia kwenye tumbo lake, karibu na sikio langu. Nami nililia, na sikuona haya, kwa kuwa nilikuwa tayari nimelowa.

Ilipoisha aliniwekea kitambaa safi juu ya jicho bila kukikaza, akaenda barabarani kuita bodaboda ya jirani. Jirani aliponiona alisema hawezi kunibeba peke yangu, nitadondoka. Mama mkwe alikunja kitenge, akapanda nyuma yangu.

Hivyo ndivyo tulivyopita katikati ya Butiama saa sita mchana: dereva mbele, mimi katikati nimefungwa jicho, na mama mkwe nyuma amekamata fulana yangu kwa mikono miwili. Wauza maharage waliacha kupima. Nilihisi ameinamisha kichwa kwenye mgongo wangu ili ajifiche, na kwa kuwa mgongo ulikuwa wa mkwe, hakuwa amejificha popote. Nilimpenda sana dakika zile. Nalisema hivi hivi kwa sababu sijui namna nyingine ya kulisema.

Hospitalini daktari, dada mmoja mtaratibu, alinimulika, akanitia dawa, akalifunga jicho vizuri. Alisema juu ya jicho pameungua, ila maji yaliwahi. Kama ndani kumedhurika au la, tutajua siku tano zikipita na bandeji ikitoka. Akauliza nani aliniosha.

"Mama," nikasema.

Siku tano hizo nilizikaa palepale ukweni, maana kuendesha sikuweza. Mama mkwe alipotea. Sikusikia nyayo wala kikohozi chochote. Alikuwa anazungukia shamba la jirani kwenda jikoni kwake mwenyewe. Mke wangu alikuwa akitoka kumwona anarudi amenuna. "Hali," aliniambia. "Anasema ni kikohozi chake."

Nikamtuma mwanangu: "Kamwambie bibi miwani ilikuwa juu. Mwambie kosa ni la baba."

Mtoto akaenda akarudi. "Bibi anasema amesikia."

"Basi?"

"Basi."

Baba mdogo wa mke wangu naye alikuja kusema kwamba mambo kama yale hayaachwi hivihivi, mkwe kashikwa kichwa, ni lazima kichinjwe kitu. Jibu lilitoka nyuma ya ukuta kupitia kwa mke wangu: wachinje wakitaka, ila yeye nyama haitii mdomoni mpaka jicho la mtoto wa watu lifunguliwe. Mzee aliondoka bila kunywa chai.

Siku ya tano daktari aliitoa bandeji. Kwanza niliona maziwa tu. Akanisafisha, akaniambia nipepese bila haraka. Kikaja kivuli cha dirisha, kikaja kalenda ukutani, nikaweza kusoma tarehe, kisha nikaona uso wa mke wangu ukinikodolea kwa hofu hivi kwamba nilicheka. Alinipiga begani, halafu akakaa chini kwenye sakafu ya hospitali akalia.

Tuliporudi alienda moja kwa moja nyuma ya nyumba kumwambia mama yake. Nilisikia neno moja: "Sawa." Jioni hiyo mke wangu aliniambia mama amekula, ila kidogo.

Asubuhi iliyofuata, siku tuliyoisogezea safari ya Bunda, nilitoka mapema kumalizia gesi. Pembeni ya gari palikuwa na ndoo ya maji, imefunikwa kwa sinia, na kando yake chupa ya chai imejaa. Nilimuuliza mke wangu kama ni yeye. Hakuwa yeye. Nilivaa miwani nikiwa bado mbali na gari, nikavaa glavu, nikabana viungo vyote mara mbili, na kazi ilikwisha salama. Nilipowasha, upepo uliotoka ulinifurahisha kuliko wa gari lolote nililowahi kulitengeneza.

Mama mkwe alikuja akiwa amejifunika khanga mpaka puani. Mke wangu akamfungulia mlango wa nyuma. Nilitazama usukani mpaka nikasikia amekaa, kisha nikainua mkono kwenye kile kioo, kukigeuza juu kama siku zote.

"Baba."

Mkono ulisimama hewani. Mke wangu pembeni yangu aligeuka nusu, akajirudisha.

"Kwanza kiache," alisema. "Wameniambia linaona. Nataka kuona mwenyewe."

Nikauteremsha mkono. Nikainua macho kwenye kioo, yote mawili, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wa mama mkwe wangu. Alikuwa ameishusha khanga. Ana pua ya mke wangu na kidoti chini ya jicho, kama kile cha binti yetu wa pili, ambacho siku zote nilidhani kimetoka ziwani kwetu. Alikuwa amekonda. Alinitazama jicho la kulia kwa muda mrefu, kwa makini, bila haya yoyote.

"Linaniona?"

"Linakuona, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akapandisha khanga, akakohoa kile kikohozi kifupi, cha adabu. Nikakigeuza kioo kikatazama dari, tukafunga madirisha, tukaenda Bunda.